Chema Chajiuza, Lakini Lini?



Swali la jioni hii hubishaniwa kila siku mbele ya televisheni. Gemu inapotoa toleo la pili, la tatu au la kumi, kinachoiuza ni ubora wake au ni mbwembwe za matangazo? Wapo wanaoapa kwamba watu wananunua kelele tu. Wapo wanaowajibu kwa methali, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naona pande zote mbili zinaitazama wiki moja, ile ya uzinduzi, na wiki hiyo ndiyo inayodanganya. Mauzo ya siku za mwanzo za gemu ya mwendelezo hayasemi karibu lolote juu ya gemu hiyo yenyewe. Yanasema habari za ile iliyotangulia. Mnunuzi hajaicheza hii mpya. Anachokijua ni jinsi alivyotendewa mara ya mwisho.

Nianze na Assassin's Creed, maana sijui mfululizo mwingine unaolionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa gemu ya kwanza mwaka 2007, na kuanzia 2009 ikashika mtindo wa kutoa moja kubwa kila mwaka bila kukosa. Wachezaji walipelekwa Italia ya karne ya 15, Istanbul, Marekani ya vita vya uhuru, Karibi ya maharamia. Watu walinunua kwa mamilioni. Ile ya 2012 peke yake ilifikia nakala milioni 12 ndani ya miezi michache. Kisha, Novemba 11, 2014, ikatoka Unity, iliyowekwa Paris wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Wengi wenu mmeiona picha iliyosambaa wiki ile. Mhusika anazungumza na mwenzake, lakini uso wake hauna ngozi. Mboni mbili za macho zinaelea hewani, chini yake yapo meno na ufizi, juu zipo nywele zilizotengenezwa vizuri, na katikati hamna kitu. Naye anaendelea na maongezi yake kwa utulivu kabisa. Wahusika wengine walitumbukia ardhini wakitembea barabarani, na palipokuwa na umati mkubwa picha zilikwama kwama. Ubisoft ilikuwa imeisogeza mbele tarehe ya kutoa gemu hiyo kwa wiki mbili. Ilihitaji miezi.

Wahakiki waliopewa nakala mapema walikuwa wamekwisha kuziona kasoro nyingi, lakini sharti la kampuni liliwafunga midomo hadi saa sita mchana wa siku ya mauzo, wakati maduka ya Marekani yalianza kuuza tangu saa sita usiku. Kwa saa 12 nzima mtu aliweza kulipa dola 60 na asiruhusiwe kusikia neno la aliyekwisha kuicheza. Nalitaja jambo hili kwa uzito kwa sababu hapa ndipo tangazo linapoacha kuwa tangazo. Kusifia mali yako ni haki yako. Kumzuia shahidi asiseme mpaka fedha ya mnunuzi iwe mfukoni mwako ni jambo jingine, na mimi sioni namna ya kulitetea.

Je, Unity ilikosa wanunuzi? Haikukosa. Ikijumlishwa na Rogue, gemu nyingine ya mfululizo huo iliyotoka siku hiyohiyo, Ubisoft ilitangaza nakala milioni 10 kufikia mwisho wa mwaka. Anayeamini nguvu ya kelele angeweza kuufunga mjadala hapa: kitu kibovu, mauzo makubwa, kwisha habari. Mkuu wa studio ya Ubisoft ya Montréal akaomba radhi hadharani, kampuni ikatoa bure kipande cha nyongeza kilichokuwa kiuzwe, maisha yakaendelea.

Oktoba 2015 ikaja Syndicate, London ya mwaka 1868, treni na moshi wa viwanda, na wahusika wakuu wawili, dada na kaka. Ilikuwa gemu iliyokamilika. Wahakiki waliipa alama za juu kuliko Unity, kasoro zilikuwa chache, matangazo yalikuwa mengi kama kawaida. Na wiki ya kwanza ikadorora. Nchini Uingereza, nyumbani kwa hadithi yenyewe, uzinduzi huo ulikuwa miongoni mwa zinduzi dhaifu kabisa katika mfululizo mzima. Viongozi wa Ubisoft hawakumung'unya maneno mbele ya wawekezaji wao: kilichotokea kwa Unity ndicho kilichowaumiza. Gemu mbovu ilivuna, gemu nzuri ikalipa deni lake.

Mwanzoni mwa 2016 Ubisoft ikasema mwaka huo hakutakuwa na toleo jipya. Watengenezaji wa Origins wakapewa muda, na gemu hiyo ikatoka Oktoba 2017: Misri ya Kleopatra, na shujaa Bayek kutoka Siwa. Katika siku 10 za mwanzo iliuza mara mbili ya Syndicate katika muda kama huo. Sababu ni zaidi ya moja, na Misri ina mvuto wake. Lakini naamini ule mwaka wa kimya uliwaambia wanunuzi neno ambalo hakuna trela ingeweza kuwaambia, kwamba safari hii hatukukimbilia kalenda.

Niongeze jambo la pembeni. Ndani ya Unity lilikuwamo kanisa kuu la Notre-Dame, ambalo msanii mmoja wa Ubisoft alilifanyia kazi kwa miaka karibu miwili. Kanisa hilo lilipoungua Aprili 2019, Ubisoft iliitoa gemu bure kwa wiki moja kwa wenye kompyuta ili watu waingie walitazame, na ikachangia euro 500,000 kwa ujenzi. Kwa hiyo ubora ulikuwamo mle ndani, na mwingi. Haukupewa nafasi ya kuiva.

Msinielewe kwamba matangazo hayana kazi. Yana kazi kubwa, na kampuni ya Sega iliionyesha vizuri Jumanne moja ya mwaka 1992. Enzi zile gemu zilifika madukani kwa kudondoka dondoka, duka hili leo, lile wiki ijayo, kadiri mizigo ilivyofika. Sega ya Marekani, ikiwa na Sonic the Hedgehog 2 mkononi, iliamua kwamba Marekani na Ulaya zitauziwa siku moja, Novemba 24, ikaipigia debe siku hiyo kwa yapata dola milioni 10. Maduka yalijaa. Lakini tuulize waliojaa walikuwa akina nani. Sonic ya kwanza, ya 1991, ilikuwa ikiuzwa ndani ya boksi moja na mashine yenyewe, bila nyongeza ya bei. Watoto wale walikuwa wameicheza nyumbani mpaka wakaijua kila kona. Tangazo halikuwafundisha kumpenda Sonic, liliwaambia siku ya kuja. Imani ilikuwa imetawanyika kwa mamilioni ya watu, na kampeni ikaikusanya na kuigeuza fedha taslimu kwa siku moja.

Hesabu za mfululizo wa Call of Duty zina sura hiyohiyo, kwa ukubwa unaotisha. Mwaka 2009 gazeti la Los Angeles Times liliripoti kwamba kuitengeneza Modern Warfare 2, toleo la mfululizo huo, kuligharimu dola milioni 40 hadi 50, ilhali bajeti ya kuizindua, ukiweka pamoja matangazo na gharama za kuchapa na kusambaza diski, ilikuwa dola milioni 200. Ndani ya siku 5 iliingiza dola milioni 550. Ukizitazama tarakimu hizo peke yake utasema fedha ya matangazo ndiyo iliyozaa fedha. Lakini nyuma yake ilikuwapo Call of Duty 4 ya mwaka 2007, iliyouza zaidi ya nakala milioni 10 na ambayo miaka miwili baadaye watu walikuwa bado wanakesha wakiicheza mtandaoni. Dola milioni 200 hizohizo, zikitumiwa kwa gemu isiyo na historia hiyo, zisingerudisha robo.

Yaliyofuata yananiuma kila ninapoyasimulia. Machi 2010, miezi minne tu baada ya uzinduzi ule, kampuni ya Activision iliwafukuza wakuu wa studio iliyoitengeneza gemu hiyo, Jason West na Vince Zampella, na wafanyakazi wengi wakawafuata. Jina likabaki kwa kampuni. Novemba 2011 Modern Warfare 3, iliyokamilishwa na waliobaki pamoja na studio nyingine, ikaingiza dola milioni 775 katika siku 5, zaidi ya ile ya pili. Ubora wa mikono ya watu fulani uliwajengea wanunuzi imani, na imani ikaganda kwenye jina lililoandikwa juu ya boksi. Waliojenga waliondoka bila kuichukua.

Wao wakaanza upya, wakaita studio yao Respawn, na Oktoba 28, 2016 wakatoa Titanfall 2. Hapa watetezi wa methali yetu hupata shida, na mimi pia ilinichukua muda kupata jibu. Ni moja ya gemu bora za kupigana kwa bunduki nilizowahi kuzicheza. Ina hatua moja ambayo mchezaji amevaa kifaa mkononi, na kwa kubonyeza kitufe kimoja anahama kutoka jengo lililoungua na kuwa magofu hadi jengo hilohilo lilipokuwa zima, lenye walinzi, taa na mashine zinazonguruma. Anakimbia ukutani katika wakati mmoja, anabonyeza akiwa hewani, anatua katika wakati mwingine. Wahakiki waliisifu kwa sauti moja. Na haikuuza kama mchapishaji wake, EA, alivyotarajia.

Sababu inayotajwa sana ni kalenda. EA hiyohiyo ilikuwa imetoa Battlefield 1 wiki moja kabla, na wiki moja baadaye ikaja Call of Duty ya mwaka ule. Gemu tatu za bunduki ndani ya siku 14, na mfuko wa kijana ni mmoja. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini ipo nyingine isiyozungumzwa sana. Titanfall ya kwanza, ya 2014, haikutolewa kabisa kwa PlayStation. Wenye PlayStation 4, ambao walikuwa wengi kuliko wenye Xbox, hawakuwa na kumbukumbu yoyote nayo. Kwao hili toleo la pili lilikuwa jina geni lenye namba 2 ubavuni. Hapakuwa na imani ya kukusanya, ndiyo maana tangazo halikupata cha kukusanya, na ubora haukupewa muda wa kuongea kabla ya gemu nyingine kuingia.

Ubora huongea polepole. Demon's Souls ya studio ya FromSoftware ilipotoka Japani mwaka 2009 ilianza kwa kusuasua. Sony, waliokuwa wachapishaji wake huko, hawakuiona inafaa hata kuichapisha wenyewe Marekani, wakaiachia kampuni nyingine. Ilikuwa gemu ngumu, isiyomwelekeza mchezaji, ambayo kufa mara 20 mahali pamoja ni jambo la kawaida. Sifa yake ilitembea kinywa kwa kinywa. Ikazaa Dark Souls mwaka 2011, ikafuatwa na nyingine na nyingine, na Februari 2022 studio hiyo ilipotoa Elden Ring iliuza nakala milioni 12 katika muda usiofika wiki tatu. Aliyeitazama Elden Ring siku hiyo aliona kelele za dunia nzima. Kelele hizo zilikuwa na umri wa miaka 13.

Imani ikishakuwa kubwa kiasi hicho, anayeishika anaweza kuila. CD Projekt ya Poland ilijijengea heshima ya pekee kwa The Witcher: ya kwanza 2007, ya pili 2011 ikiwa bora zaidi, na ya tatu, ya 2015, ambayo imepita nakala milioni 50. Baada ya kuiuza hiyo ya tatu waliwapa wachezaji nyongeza 16 za bure, na watu hawakusahau. Cyberpunk 2077 haikuwa mwendelezo wa Witcher kwa hadithi, lakini kwa mnunuzi ilikuwa mwendelezo wa studio. Kabla haijatoka Desemba 10, 2020, watu milioni 8 walikuwa wamekwisha kuilipia. Wahakiki walipewa toleo la kompyuta tu, na hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizorekodi wenyewe. Toleo la PlayStation 4 na Xbox One hawakulionja. Wenye mashine hizo, wakiwamo watu wasio na uwezo wa kununua mpya, ndio walioangukiwa na lile lililokuwa bovu kupita yote. Siku chache baadaye Sony iliiondoa gemu kwenye duka lake la mtandaoni na kurudisha fedha za watu, ikairudisha Juni 2021.

Mauzo ya siku 10 za kwanza: nakala milioni 13. Hiyo ndiyo fedha iliyotolewa na Witcher. Studio ikarudi kazini, ikatengeneza kwa karibu miaka mitatu, na Septemba 2023 ikatoa marekebisho makubwa yaliyoibadilisha gemu. Mwaka 2024 ulipokaribia kwisha mauzo yalikuwa yamepita milioni 30. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya walioinunua walikuja baada ya aibu ile kujulikana na kila mtu. Wengi waliinunua wakati kelele za uzinduzi zimekwisha kupoa, kwa sababu rafiki fulani aliwaambia kwamba sasa inachezeka. Ubora ulijiuza, ila kwa ratiba yake.

Nije kwenye mpira, maana najua hapa ndipo wenye vibanda vya gemu walipokuwa wakinisubiri. Miaka ya PlayStation 2, kwenye vibanda vyetu, kuanzia Kariakoo hadi Eastleigh, aliyetawala alikuwa kampuni ya Konami na Pro Evolution Soccer yake, ambayo wengi waliiita Winning Eleven. FIFA ya EA ilikuwa na majina halisi ya timu, nyimbo na matangazo. Konami hakuwa na haki za klabu nyingi, ndiyo maana Liverpool iliitwa Merseyside Red. Hakuna mtoto aliyejali. Mpira wa Konami ulikuwa na uzito, pasi ilikwenda ulikoielekeza, na beki akikosea ulijua ni kosa lako. Diski nyingi zilikuwa za kunakili, hakuna bango lililowahi kufika mtaani, na kijana alilipia mechi moja moja kwa sarafu. Mahali kama hapo gemu mbaya haiishi siku mbili, maana mwenye kibanda anaona benchi limebaki tupu.

Kisha Konami akajikwaa alipohamia mashine za kizazi kilichofuata, na EA akatengeneza mpira wa kweli, hasa kufikia FIFA 10 ya mwaka 2009. Vibanda vikahama. Mwaka 2021 Konami akaliacha hata jina lake la zamani, akaja na eFootball 2022, ya bure, iliyotoka ikiwa haijakamilika, na nyuso za nyota zilizopinda mpaka zikawa kichekesho. Ikawa miongoni mwa gemu zenye alama mbovu kabisa kutoka kwa watumiaji wa duka la Steam, na kampuni ikaomba radhi. Hata bei ya bure haikuiokoa.

Lakini mpira unatuonyesha nguvu ya tatu ambayo swali letu limeisahau, yaani mikataba. Mwaka 2004 huko Marekani kampuni shindani ilitoa gemu ya mpira wa Kimarekani, ESPN NFL 2K5, nzuri, kwa dola 20 tu. EA, mwenye gemu shindani ya Madden, alilazimika kushusha bei yake hadi dola 30. Desemba ya mwaka huohuo akasaini mkataba wa kuwa peke yake mwenye haki za ligi ya NFL na wachezaji wake. Mshindani hakushindwa kwa ubora wala kwa tangazo. Alifungiwa mlango. Na EA alipoachana na jina la FIFA na kutoa EA Sports FC 24 mwaka 2023, hakuanguka, kwa sababu alibaki na wachezaji zaidi ya 19,000, timu zaidi ya 700 na ligi zaidi ya 30 kwa majina yao halisi. Mtu anataka kucheza na Arsenal yenye jezi yake, na leo Arsenal hiyo inapatikana kwa watengenezaji wachache. Pale ambapo mnunuzi hana pa kuhamia, deni la toleo bovu linaweza kukaa miaka bila kulipwa. Ndiyo maana wengi wenu mnalalamikia gemu ileile kila Septemba, na kila Septemba mnainunua.

Wanafunzi wameniandikia wakiniomba niseme neno juu ya Grand Theft Auto VI. Ya tano, iliyotoka Septemba 2013, iliingiza dola bilioni 1 kwa siku tatu na imepita nakala milioni 200. Desemba 2023 trela ya kwanza ya mpya ilitazamwa zaidi ya mara milioni 90 kwa siku moja, na haikuonyesha namna gemu inavyochezwa hata kidogo. Tangu hapo tarehe imesogezwa zaidi ya mara moja, na hisa za kampuni mama, Take-Two, zimeshuka kila iliposogezwa. Wawekezaji walinuna. Mimi nilifurahi, maana kila mwezi wanaouongeza ni mwezi ambao Unity haikuupata.

Siku Grand Theft Auto VI itakapouzwa foleni zitakuwa ndefu Marekani, Japani na hapa kwetu, iwe nzuri iwe mbovu, kwa sababu mamilioni ya watu wanaikumbuka ya tano. Bei yake kwa vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi itazidi kodi ya chumba ya mwezi mzima. Kwa hiyo ninawaomba msilipie kabla haijatoka. Subirini wiki mbili. Diski haziishi, na kufikia hapo walioinunua usiku wa kwanza watakuwa wameshaicheza mpaka mwisho, nao hawana sharti la kampuni linalowafunga midomo.